Sare ya Rais wa Milele

Alikuja dukani kwangu Woolwich siku ya mvua, ameshika mfuko mkubwa wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na koti la kijeshi la rangi ya majani makavu alilolinunua kwenye mitumba. Mwanamke mfupi, wa makamo, mtandio wake umefungwa kwa haraka kama wa mtu aliyetoka jikoni sasa hivi. Alilitandaza koti juu ya meza yangu ya kukatia, akalilainisha kwa kiganja, halafu akaniuliza kwa Kiingereza cha kutafuta maneno kama ninaweza kulifanya liwe la rais.

Nilimjibu kwa Kiarabu. Mimi ni mtu wa Unguja, lakini nilipelekwa Maskati kwa shangazi yangu nikiwa kigori, nikajifunza kushona huko kabla sijaolewa na kuja London. Kiarabu changu ni cha dukani, cha kupima viuno vya wateja na kupatana bei. Chake kilikuwa kingine kabisa, hata neno la "kesho" tulikuwa hatulisemi sawa. Hata hivyo uso wake ulifunguka.

"Rais wa nchi gani?" nilimuuliza.

"Wa nchi yoyote," alisema. "Nataka mtu akimwona asijue ametoka wapi, lakini amjue."

Nilidhani ni mambo ya harusi, au ya watoto skuli. Ndipo akavuta kiti, akakaa, na kunieleza kazi yake.

Nchi yake sitaitaja, kwa sababu ndugu zake wangali huko. Inatosha nikisema kwamba alikuwa akifundisha sarufi ya Kiarabu katika skuli ya wasichana. Siku moja, kwenye chumba cha walimu, aliwaigizia wenzake namna mkuu wa nchi anavyohutubia taifa. Walicheka sana. Mmoja wao alikuwa na simu mkononi, na kwa nia nzuri au mbaya, mpaka leo hajui, picha zile zilitoka nje ya chumba kile. Mtu anayempenda alimwendea nyumbani akamwambia asafiri na wanawe kabla Ijumaa haijafika. Mumewe alikuwa ameshafariki. Alisafiri. Hapa London alikuwa akipika kwenye mkahawa mmoja wa Edgware Road asubuhi, na mchana, watoto wakiwa skuli, alikuwa akiandika vichekesho vya siasa, akivirikodi kwa simu, na kuviweka kwenye mtandao kila Alhamisi jioni. Mpaka wakati ule alikuwa akivaa koti la marehemu mumewe tu. Watazamaji walikuwa wameanza kuwa wengi, naye akaona sasa rais wake avae kama marais wanavyovaa.

Tangu siku ile nikawa namwita Mwalimu, naye akiniita Fundi.

"Nishani unataka ngapi?" nilimuuliza.

"Ziwe nyingi mpaka asiweze kukaa."

"Hilo rahisi. Nitazitapakaza tu."

"Hapana, Fundi. Kila moja iwe na sababu yake." Akaanza kuonyesha kifuani kwa kidole. Hii ya vita vilivyopiganwa yeye amelala. Hii ya daraja lililoanguka siku ya kufunguliwa. Hii hapa kubwa, ya kushinda uchaguzi ambao hakuwa na mpinzani, na hii ndogo pembeni yake ni ya kuwa wa pili katika uchaguzi huo huo. Alizisema kwa sauti ya kawaida, kama mteja anayesema anataka mifuko miwili na zipu. Mie nilikuwa nimeshika futi ya kupimia na nilishindwa kupima.

Nikaifanya kazi ile kwa raha ambayo sikuwahi kuipata kwenye suruali za kupunguza na mapazia ya watu. Nilitoa bitana ya zamani nikatia nyekundu inayong'aa. Mabegani niliweka sifongo mpaka yakawa kama mito. Nishani nilizitengeneza kwa vifuniko vya chupa, vifungo vya makoti ya kizee, na zile chokoleti za duara zinazofungwa kwa karatasi ya dhahabu, maana soko la Woolwich halikosi kitu. Nilizitungia tepe za zawadi za rangi zote, nikahakikisha hakuna rangi tatu zinazokaa pamoja zikawa bendera ya mtu.

Mume wangu alilikuta koti limevikwa kwenye sanamu ya dukani alipokuja kunichukua. Yeye ni dereva wa gari la kupeleka wagonjwa kliniki, mtu mpole, asiyependa makuu. Alilizunguka mara moja.

"Hili la nani?"

Nikamweleza.

"Hayo ni mambo ya watu na serikali zao," alisema. "Sisi tumekuja huku kutafuta riziki."

Nilikuwa namjua. Mume wangu alikulia kwenye nyumba ambayo wakubwa wakitaka kuzungumza jambo walikuwa kwanza wanaongeza sauti ya redio. Hata wakati ule, jikoni kwetu, madirisha yamefungwa kwa baridi na jirani zetu wote Wanaijeria na Wanepali, akitaja jina la kiongozi yeyote wa kwetu alikuwa akishusha sauti. Nilikuwa nimeishi naye miaka mingi na sikuwahi kumsikia hata mara moja akimcheka mtu mwenye cheo.

Na mie mwenyewe nilidhani najua kijembe ni kitu gani. Kwetu tumelelewa nacho. Mtu anakununia, unapita mbele ya baraza yake na kanga yenye maneno yake. Kwenye taarabu nimewaona wanawake wakiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, na njiani wanahakikisha wanampitia hasimu wao usoni wakati ubeti wenyewe unafika. Lakini vijembe vyetu tunapigana wenyewe kwa wenyewe, mawifi, wake wenza, majirani. Sikuwahi kumwona mtu aliyemrushia kijembe mwenye jeshi.

Nilimwona siku nilipokwenda kumjaribisha sare. Alikaa kwenye fleti ya kaunsili, zile nyumba za kupanga za serikali ya mtaa, nyuma ya Edgware Road, ghorofa ya juu, chumba kimoja cha kulala na sebule. Sebuleni alikuwa ametundika shuka la kijani ukutani, simu ameisimamisha juu ya rundo la vitabu. Nilimfunga vifungo, nikamrekebisha mikono. Alijibandika masharubu tuliyokuwa tumeyakata kwenye kipande cha manyoya meusi kilichobaki dukani. Kisha akavaa kofia na kugeuka kuitazama simu.

Sijui nieleze vipi. Kimo chake hakikuongezeka, bado alinifika begani, lakini nilijikuta narudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Shingo yake iliingia ndani ya kola. Macho yakawa ya mtu ambaye hajangojea basi maisha yake yote.

"Wananchi wangu watukufu," alianza, kwa Kiarabu kile fasaha cha taarifa ya habari. "Nimeletewa habari kwamba mkate umeadimika. Nikaunda kamati. Kamati imechunguza kwa miezi, imesafiri nchi za nje, imekaa kwenye hoteli nzuri nzuri, na sasa imerudi na jibu. Mkate umeadimika kwa sababu mnaula."

Nilicheka mpaka ilibidi asimamishe kurikodi. Na katikati ya kicheko changu nilifanya jambo lililonishangaza mwenyewe. Niligeuka kuutazama mlango. Niko London, kwenye jengo ambalo watu hata hawasalimiani kwenye lifti, na nimegeuka kutazama kama kuna mtu aliyenisikia.

Mwalimu aliniona. Akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Kila mtu hufanya hivyo mara ya kwanza," alisema.

Nilimuuliza aliwezaje, nani alimfundisha. Akaniambia ni sarufi. "Nilikuwa nawaambia wasichana wangu: katika kila sentensi tafuteni mtenda. Sasa wasikilize hawa wakubwa. Makosa yalifanyika. Fedha zilipotea. Watu walikufa. Nani alifanya, nani alipoteza, nani aliua? Hayupo. Wao husema sentensi zisizo na mtenda, na mimi kazi yangu ni kumrudisha mtenda mahali pake."

"Si watu wangeambiwa tu kwenye habari?"

"Habari watu wanazo, Fundi. Wanaijua bei ya mkate kuliko gazeti. Lakini kila mmoja anaijua peke yake, chumbani kwake. Akicheka, na akasikia ukuta wa pili jirani naye anacheka, basi wamejuana."

Aliyasema hayo huku akikuna pale masharubu yalipomwasha. Nilirudi Woolwich siku ile nimekaa kwenye treni kama mtu aliyetoka kuhudhuria hitima ya mtu mkubwa, moyo umenyamaza.

Kipindi kile cha mkate kilitoka Alhamisi. Jumamosi mume wangu alinisindikiza Edgware Road kununua halua na kahawa, tukakaa nje ya mkahawa mmoja kupumzisha miguu. Meza ya pili yetu walikuwa wanaume watatu wakitazama simu moja. Niliisikia sauti ya Mwalimu kabla sijaona kitu. Walicheka, wakairudisha nyuma, wakacheka tena. Halafu mmoja, lahaja yake ya Misri, akasema mwanamke huyu anamjua mzee wao vizuri ajabu, hata namna anavyoinua kidole. Mwenzake, Mwiraki, akasema kidole gani, huyo ni yule wao wa zamani, angalia mabega. Wa tatu alikuwa mtu wa Tunisia. Alitikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wote wawili wamepotea, maneno yale ya kamati aliyasikia kwa masikio yake nchini kwao. Mhudumu aliyeleta chai akasimama na sinia mkononi kuwaambia kwamba rais yule ni wa kwao, watu wa Yemen, ila wamemnyoa kidogo.

Mume wangu Kiarabu chake ni cha msikitini. "Wanagombania nini?" aliniuliza.

"Wanamgombania rais."

"Kila mmoja anamkataa?"

"Kila mmoja anasema ni wake."

Alikoroga chai yake muda mrefu, na alikuwa bado hajatia sukari. Mimi nilitazama wale watu wanne, waliotoka nchi zilizoachana kwa jangwa na bahari, wameinama juu ya kioo kidogo kama kiganja, wote wamemtambua mtu ambaye hayupo. Vifuniko vya chupa nilivyovishona kwa mkono wangu vilikuwa vinametameta mle ndani.

Baada ya wiki chache Mwalimu alikuja dukani bila kutoa taarifa, na mfuko ule ule. Akautua mezani.

"Zifumue nishani," alisema. "Koti utalitafutia mwenyewe mtu wa kumpa."

Nilifunga mlango wa duka nikageuza kibao. Mwalimu alikuwa na baba huko kwao, mzee aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu, anayekaa peke yake katika nyumba aliyoijenga. Watu wa usalama walimwita ofisini kwao. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimkalisha kwenye benchi tangu asubuhi, watu wakipita, na hakuna aliyemsemesha, mpaka jioni ndipo kijana mmoja mwenye adabu akamwita ndani na kumwambia: mzee wetu, tunakuheshimu, mkataze binti yako. Kisha wakampa soda wakamrudisha nyumbani kwa gari.

"Ana sukari," Mwalimu alisema. "Siku nzima hakula. Mimi hapa navaa masharubu, watu wanacheka, na baba yangu yuko juu ya benchi."

Nilimpa chai. Tulikuwa tumekaa hivyo, sare katikati yetu, simu yake ikalia. Alitazama, akaiweka mezani na kuifungua sauti. Alikuwa ni baba yake.

Walisalimiana kwa kirefu, kama wanavyosalimiana. Sauti ya mzee ilikuwa kavu na ya polepole. Kisha akaipandisha kidogo, kama mtu anayetaka asikike na aliye nyuma ya ukuta.

"Binti yangu, nimeagizwa nikukataze. Umenisikia? Nakukataza."

"Nimesikia, baba. Nimeshaacha."

"Usinikatize. Wamenipa kazi na mimi nilifanya kazi ya serikali miaka yote, sijapata kufanya kazi nusu. Wameniambia nihakikishe umeacha. Sasa nitahakikisha vipi? Itanibidi niwe natazama kila Alhamisi. Nimemwomba kijana wa jirani aniunganishie kwenye televisheni kubwa, nisije nikakosa kitu. Wazee wenzangu nao wamekubali kuja kunisaidia kuhakikisha."

Mwalimu alifunika mdomo kwa viganja viwili.

"Nitatazama mpaka mwisho," mzee aliendelea, bila hata chembe ya mzaha kwenye sauti yake, "nijue ni nini hasa ninachokukataza. Halafu Ijumaa nitakupigia, nikukataze moja moja. Na jambo jingine. Ile kofia inakushuka machoni. Mtu akikukataza anataka akuone uso. Mwambie fundi wako aipunguze."

Nje, mtaa wa Woolwich ulikuwa na makelele yake ya kawaida, mtu anauza maembe kwa kipaza sauti. Nilifikiria yule anayesikiliza simu ile huko kwao, kama alikuwapo, na sikuweza kukisia angeandika nini. Mzee alikuwa amekataza. Hakuna neno hata moja ambalo mtu angemshika nalo. Na bado aliikalisha ofisi nzima juu ya benchi lile alilokalishwa yeye.

Simu ilipokatika Mwalimu alilia, akacheka, akalia tena. Mie nilikuwa nimeshakwisha kuichukua kofia na nilikuwa natafuta mkasi. Nikajua sasa ametoa wapi kile kipaji. Hakukipata kwenye sarufi peke yake.

Walimwita mzee mara moja nyingine, nasikia, wakamwacha. Kila Ijumaa alipiga simu kukataza. Alikataza kwa ukamilifu: ule mzaha wa mwanzo nakukataza, ni mrefu mno, ule wa waziri wa maji nakukataza zaidi, umewauma.

Mwaka ule ule watu wa jumuiya ya Waarabu walimwomba afanye maonyesho ya ana kwa ana, kwenye ukumbi mdogo si mbali na Edgware Road, Jumapili mchana. Nilikwenda mapema kumvika. Mume wangu alisema atanipeleka na kunisubiri nje, lakini baridi ilikuwa kali akaingia, akasimama nyuma karibu na mlango, na koti lake hakulivua.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wenye vitoto, wanafunzi, wazee wenye fimbo, Waarabu wa kila upande. Safu ya mbele kabisa alikaa bwana mmoja wa makamo ya juu, suti ya kijivu, tai imefungwa barabara, mikono ameilaza magotini. Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Alimtazama Mwalimu moja kwa moja, hapepesi, na uso haukusogea. Mnong'ono ukaanza kupita kwenye viti kwamba yule ni mtu wa ubalozi. Wengine walianza kucheka wakimwangalia yeye kwanza. Mimi niliyekuwa pembeni ya jukwaa nilimwona Mwalimu naye amemwona. Lakini hakupunguza neno. Alisogea mbele mpaka ukingo wa jukwaa, pale pale mbele ya bwana yule, akaitoa hotuba ya mkate yote, kamati na hoteli na safari, akimtazama machoni. "Kwa sababu mnaula," alimalizia, na ukumbi ukalipuka. Bwana yule aliinamisha kichwa.

Watu walipotoka alibaki. Alingoja mpaka waliopiga picha na Mwalimu wamekwisha, kisha akaja polepole. Mume wangu, nisijue ametoka wapi, alikuwa ameshafika akasimama ubavuni mwangu.

"Masalkheri, Mwalimu," bwana yule alisema.

Alisema hilo tu, na Mwalimu akakaa kwenye kiti kilichokuwa nyuma yake, nishani zote zikalia kwa pamoja. Mimi nilisikia sauti nzuri tu, nzito, kila herufi mahali pake. Yeye alisikia jikoni kwa mama yake. Baadaye aliniambia kwamba sauti ile ilikuwa ikiingia nyumbani kwao kila jioni tangu hajajua kusoma, na watu wote wa nchi yake waliijua kuliko sauti za baba zao. Bwana yule alikuwa msomaji wa taarifa ya habari. Naye pia alikuja kukimbia, miaka mingi baadaye, kwa sababu ambazo hakuzieleza.

"Ile ya mkate," alisema. "Nani aliitunga?"

"Mimi," Mwalimu alijibu.

"Niliisoma mimi."

Mwalimu hakuelewa, wala mie sikuelewa.

"Si kwa maneno hayo," alisema. "Niliyopewa yalisema kwamba upungufu uliojitokeza umetokana na ulaji uliozidi matarajio. Niliisoma kwenye taarifa ya jioni. Nikarudi nyumbani nikamkuta mke wangu ametoka kwenye foleni ya mkate mikono mitupu, na alikuwa amenisikia."

"Na wakati unaisoma," Mwalimu aliuliza taratibu, kama anavyomuuliza mwanafunzi, "hukutaka kucheka?"

"Sote tulitaka kucheka studio. Aliyeandika alitaka kucheka. Mimi nilikuwa na kipaji kimoja tu, cha kutocheka, na ndicho kilichonipa kazi." Akagusa mdomo wake kwa vidole viwili. "Leo nimekuja kucheka. Nimejaribu. Huu mdomo hautaki."

Nilimtafsiria mume wangu kwa kunong'ona. Bwana yule akaendelea kusimama, na mwishowe akasema alilokuja kulisema. Aliomba, kama Mwalimu hataona vibaya, ayasome tena. Yale yale, kwa sauti ile ile. Safari hii mbele ya watu wanaojua.

Mwalimu aliinuka. Ndani ya koti lile lililommeza, na masharubu yake yameng'oka upande mmoja, alimpa mkono kwa heshima ambayo sijaiona akimpa mtu mwingine.

Tangu hapo kila Alhamisi kipindi kinaanza na yeye. Anakaa mbele ya shuka la kijani, suti na tai, na kusoma taarifa ya habari ya nchi isiyokuwapo, bila kutikisa hata unyusi, na watu wanaugua kwa kucheka. Mara ya kwanza sauti yake ilipotoka, mzee kule nyumbani alisimama kutoka kwenye kiti chake kwa mazoea, na wazee wenzake wote wakasimama, kisha wakatazamana. Hilo alilisimulia mwenyewe siku ya kukataza.

Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni safari yetu ya kurudi siku ile ya ukumbini. Tulitembea mpaka Paddington na kupanda treni ya kuja Woolwich. Jua lilikuwa linazama na watu hawakuwa wengi. Tulipita vituo viwili vitatu. Kisha mume wangu akaanza kuzungumza, anatazama dirisha.

"Mama yangu alikuwa akimwigiza mkubwa mmoja wa mtaa wetu," alisema.

Nimekaa na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Nilimjua mwanamke wa sala na wa maneno machache. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Bwana mmoja mwenye tumbo, alikuwa akija kutuhesabu kwenye mikutano. Mama akichagua mchele, sisi watoto tumemzunguka, alikuwa akishika ungo hivi," akashika ungo usiokuwapo mbele ya tumbo lake, "anapumua kama yeye, anasema kama yeye. Ndugu wananchi, nani hayupo? Asiyekuwapo ainue mkono."

Aliisema kwa sauti ya yule bwana, kupitia kwa sauti ya mama yake. Mwanamke wa kizungu aliyekaa mbele yetu aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Mume wangu hakushusha sauti.

"Tulikuwa tunacheka mpaka tunagaragara. Halafu anatuziba midomo kwa mkono, huku yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Miaka yote hiyo sijamwambia mtu."

"Hata mie?"

"Hata wewe. Mama alitwambia tusimwambie mtu."

Mikono yake bado ilikuwa imeshika ule ungo. Nikamwomba arudie tena, nimtazame vizuri. Akakaa sawa, akatoa tumbo, akapumua, akaanza upya, na mara hii aliendelea mbele zaidi, kwenye maneno mengine ya bwana yule ambayo sikuwahi kuyasikia.